Taa ya upepo wa tairi haizimiki: sensa za ndani, sensa za vifuniko au geji ya mkononi?

Gari langu lilitoka bondi, yaani yadi ya magari yaliyoagizwa nje, likiwa tayari na taa ya njano kwenye dashibodi, ile yenye umbo la chungu kilichokatwa kati, vijino chini na alama ya mshangao ndani yake. Muuzaji akaniambia, "Mzee, hiyo ni sensa tu, haina neno." Nikalipa, nikaondoka. Miezi minne baadaye tulikuwa tunarudi Kampala kutoka Mbarara, buti limejaa matoke, watoto wawili wamelala kiti cha nyuma. Kabla ya kufika Lyantonde tairi la nyuma la kushoto likaanza kuishiwa upepo polepole. Taa haikuwa na jipya la kunieleza, kwa kuwa ilikuwa inawaka tangu siku ya kwanza. Nilipohisi gari linavuta upande na kuegesha, ukuta wa tairi ulikuwa umekwisha kusagika kwa ndani. Halikufaa hata kuzibwa.

Tangu siku hiyo sikubali tena kauli ya "ni sensa tu". Kama ni sensa, basi itengenezwe, au iwekwe kitu kingine cha kufanya kazi yake. Nyumbani kwetu tuna magari matatu na kila moja limeishia na njia yake. La kwangu nililibadilishia sensa za ndani ya rimu. La mke wangu halina sensa za upepo kabisa. Linahesabu mizunguko ya magurudumu. La mdogo wangu, anayepeleka bidhaa Arua, lina sensa za kufunga juu ya valvu pamoja na skrini yake ndogo. Geji ya mkononi ipo katika yote matatu. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa nimeyaona yakifanya kazi, na mengine nimeyaona yakishindwa.

Kabla hujatoa hela

Washa gari na uitazame taa kwa dakika mbili. Ikiwaka na kutulia hapo hapo, gari linakuambia kwamba tairi moja au zaidi limepungukiwa upepo. Ikipepesa kwa dakika moja hivi au moja na nusu, kisha ikatulia ikiwaka, gari linasema jambo tofauti: mfumo wenyewe una hitilafu, haujui hali ya matairi. Wengi wetu hatuitofautishi miwako hii miwili, na hapo ndipo hela zinapopotea. Mwenye taa ya kwanza ananunua sensa wakati alichohitaji ni kuziba pancha, na mwenye taa ya pili anajaza upepo kila asubuhi akishangaa kwa nini haizimiki.

Kisha pima matairi yote yakiwa baridi, gari likiwa limeegeshwa saa tatu au zaidi. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Usifuate namba iliyochorwa ubavuni mwa tairi. Ile ni kikomo cha juu ambacho tairi linaweza kubeba, si kiwango ambacho gari lako linahitaji. Magari yaliyotoka Japani yana kibandiko cha Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka kwa yeyote: ukiona 220 au 230, hizo ni kilopaskali. Gawa kwa 6.9 upate psi, kipimo cha geji nyingi, yaani karibu 32 na 33. Ukiona 2.2 au 2.3, ni kiwango kile kile kwa kipimo kingine.

Tairi moja likiwa chini kuliko wenzake, hapo huna tatizo la taa, una tatizo la tairi. Mwagia maji ya sabuni kwenye kashata za tairi (sehemu inayogusa barabara), kwenye valvu na pale tairi linapokutana na rimu, utazame povu linapotokea. Mashimo yetu hupinda rimu, na upepo ukatoroka ukingoni bila msumari wowote. Msumari ulioingia kwenye kashata huzibika. Tundu la ubavuni lisizibwe, hata fundi akikuapia.

Matairi yote manne yakiwa yamepungua kidogo na kwa usawa, fikiria baridi kwanza. Kila joto linaposhuka nyuzi 10, tairi linapoteza takriban psi 2. Ukijaza Kampala saa nane mchana kisha gari likalala Kabale, asubuhi unaweza kuikuta taa imewaka na hakuna aliyekugusia tairi. Mwinuko wa Kabale, karibu mita 2,000, unarudisha sehemu ya hiyo psi kwenye geji kwa kuwa hewa ya nje kule ni nyepesi, lakini hauzibi pengo lote.

Mifumo miwili iliyofichwa nyuma ya taa moja

Taa ni ile ile, ila kinachoiwasha kinatofautiana, na uamuzi wote unategemea hapo.

Mfumo wa kwanza una sensa ndani ya kila rimu, zimeshikana na valvu. Kila sensa inapima upepo na joto, kisha inatuma habari kwa redio hadi kwenye kompyuta ya gari. Mfumo wa pili hauna kitu ndani ya tairi. Unatumia vihisio vya breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu kujifunga, kuhesabu mizunguko, kwa sababu tairi lililopungua upepo linakuwa fupi kidogo na hivyo linazunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake kwa safari ile ile.

Ukiviweka pamoja, mfumo wa sensa unajua kiasi halisi, na kwenye magari mengine unakuonyesha tairi gani lina psi ngapi. Unaona hata gari likiwa na matairi yote manne yaliyopungua pamoja. Lakini una betri, na betri huisha. Mfumo wa kuhesabu mizunguko hauna betri wala kitu cha kuvunjika mikononi mwa fundi wa pancha, ila ni mzito kuona matairi yote yakipungua kwa usawa, na unachanganyikiwa ukiweka tairi jipya upande mmoja na kipara upande mwingine.

Tofauti inayowasumbua watu zaidi ni hii: mfumo wa mizunguko hauzimi taa kwa sababu tu umejaza upepo. Lazima uuambie kwamba hali ya sasa ndiyo sahihi. Kwenye Toyota nyingi za namna hiyo kuna kitufe chini ya usukani au ndani ya kisanduku cha mbele ya abiria. Washa swichi, bonyeza na ushikilie mpaka taa ipepese mara tatu polepole, kisha endesha gari kwa muda ili lijifunze upya. Mke wangu alizunguka gereji mbili kabla ya kukigundua kitufe hicho, na gereji moja ilikuwa tayari imemwandikia bei ya sensa nne ambazo gari lake halina mahali pa kuziweka.

Na kuna hatari ndani ya kitufe hicho. Ukikibonyeza kabla ya kupima, unalifundisha gari kwamba upepo pungufu ndio wa kawaida. Geji kwanza, kitufe baadaye.

Kujua gari lako ni la aina ipi, tazama valvu. Mara nyingi valvu ya chuma yenye nati kwenye rimu ni dalili ya sensa ndani, ingawa zipo sensa zenye valvu za mpira pia. Kitabu cha gari, au mashine ya kusomea makosa kwenye gereji, itamaliza ubishi.

Kwa nini sensa nyingi hapa zimekufa

Marekani ilifanya mfumo huu kuwa wa lazima kwa magari madogo yote mapya kuanzia modeli ya 2008, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa magari madogo yote mapya kuanzia Novemba 2014. Japani, tunakotoa magari mengi, haikuweka sharti kama hilo kwa magari madogo. Ndiyo maana jirani yako anaweza kuwa na gari la mwaka mmoja na lako, modeli moja, na dashibodi yake haina taa hiyo.

Betri ya sensa ya ndani imefungwa ndani ya plastiki, haibadilishwi, na kwa kawaida huishi kati ya miaka 5 na 10. Sheria yetu ya Uganda ya mwaka 2018 inakataza kuingiza gari lililotimiza miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Piga hesabu: gari la miaka 10 au 12 linaingia nchini kihalali kabisa, wakati sensa zake zimeshafika mwisho wa maisha. Muuzaji wangu hakusema uongo kwamba ilikuwa sensa. Kosa lake ni lile "haina neno".

Zilizobaki hai huuawa na ufunguzi wa tairi. Fundi wa pancha anayetumia vyuma vya mkono akianzia karibu na valvu, anaivunja sensa bila kujua kwamba ipo. Mwambie kabla hajaanza: "Fundi, ndani kuna sensa kwenye valvu, anza upande wa pili." Sentensi hiyo imeniokolea sensa moja Masaka. Fundi alinishukuru, akasema wateja hawamwambii, halafu wanarudi na lawama.

Sensa za ndani au sensa za vifuniko

Hapa ndipo watu wengi wanataka jibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sensa mpya za ndani zinalirudisha gari katika hali aliyoikusudia mtengenezaji. Taa inazimika kweli, hakuna kitu cha ziada kwenye dashibodi, na mwizi haoni chochote cha kuiba. Lakini njia hii ina milango mitatu inayoweza kukufungia. Kwanza, masafa ya redio. Magari ya Ulaya na Uingereza kwa kawaida yanatumia megahezi 433, ya Marekani na Japani mengi yanatumia 315. Ukinunua sensa inayofanana kwa umbo lakini yenye masafa mengine, itakaa ndani ya rimu ikizungumza lugha ambayo gari halisikii. Pili, usajili: kila sensa ina namba yake, na magari mengi yanahitaji mashine maalumu ya kuiandikisha namba hiyo kwenye kompyuta. Tatu, kazi yenyewe, maana matairi yote manne lazima yavuliwe.

Mimi nilianza vibaya. Nilinunua sensa kwanza, nikatafuta fundi baadaye. Fundi alizifunga vizuri, akaniambia niendeshe zitajisajili zenyewe. Wiki mbili taa ilipepesa kila nilipowasha gari. Ikabidi nimtafute fundi mwingine mwenye mashine, nikalipa mara ya pili. Ushauri wangu ni kugeuza mpangilio: mtafute mwenye mashine, asome gari lako, akuambie masafa na ni sensa gani zimekufa, ndipo ununue. Na ukibadilisha, badilisha zote nne. Zilizaliwa siku moja, zitakufa zikifuatana, na gharama ya kuvua tairi mara nne tofauti inakula akiba uliyodhani umeipata.

Sensa za vifuniko zinakaa nje, mahali pa kifuniko cha valvu. Unakifungua cha zamani, unafunga hiki, unabandika skrini ndogo kwenye dashibodi, mara nyingi yenye paneli ya sola, na ndani ya nusu saa unaona psi za kila tairi. Hakuna fundi, hakuna kuvua tairi, hakuna masafa ya gari ya kulinganisha kwa sababu zinazungumza na skrini yake zenyewe. Betri yake ni ile ya duara kama sarafu, unaibadilisha mwenyewe. Seti nzima kwa kawaida ni nafuu kuliko sensa nne za ndani pamoja na kazi yake. Zinafaa hata kwa gari ambalo halikuwahi kuwa na mfumo huu, na hilo ndilo jambo kubwa kwa magari yetu ya Japani.

Kasoro zake ni za kweli. Ziko wazi, mtoto au mwizi anazifungua kwa vidole. Seti nyingi huja na nati ya kuzifungia, itumie. Kila ukitaka kujaza upepo lazima uivue, na kwenye barabara ya murram nyuzi hujaa vumbi na tope. Futa kabla ya kufunga. Kifuniko kinafanya kazi kwa kuubonyeza moyo wa valvu ufunguke, kwa hiyo mpira wake wa ndani ukichakaa, chenyewe kinakuwa tundu. Kila baada ya kufunga weka tone la maji ya sabuni ukiangalie. Na uzito wake, hata kama ni mdogo, unaining'iniza valvu ya mpira iliyozeeka kila gurudumu linapozunguka. Valvu yenye nyufa ibadilishwe kwanza.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: sensa za vifuniko hazizimi taa ya asili ya gari. Utakuwa na skrini inayosema matairi ni mazima na taa ya njano inayoendelea kuwaka. Unajua ukweli sasa, na mimi nalihesabu hilo kuwa bora mara nyingi kuliko taa iliyofunikwa kwa utepe mweusi, kitu nilichokiona kwenye zaidi ya gari moja la kuuzwa. Utepe unaficha tatizo kwa mnunuzi anayefuata na familia yake. Usiuweke, na ukiukuta kwenye gari unalonunua, ubandue na uulize.

Mdogo wangu aliniuliza, "Kaka, wewe ungechukua zipi?" Anabeba mzigo, anatoka Kampala alfajiri kukiwa na ubaridi, anashuka Pakwach kwenye joto, na anapita sehemu ndefu ambazo fundi wa pancha hayupo. Nikamwambia achukue za vifuniko, kwa sababu anahitaji namba. Gari lenye mzigo likiwa na upepo pungufu tairi linajikunja, linapata joto, na joto ndilo linalolipasua. Taa moja ya njano ingemwambia "kuna tatizo". Skrini inamwambia ni tairi la nyuma kulia, limetoka 36 hadi 30 tangu Karuma. Kwa 30 bado anaweza kufika penye msaada bila kuliua tairi.

Geji, ambayo wengi wanaidharau

Kanuni ya Marekani inataka taa iwake upepo unapokuwa chini ya kiwango cha kibandiko kwa asilimia 25. Kwa gari la psi 32, hiyo ni 24. Fikiria umbali huo: kutoka 32 hadi 25 gari linaweza kuwa kimya, huku tairi likiliwa pembeni, mafuta yakienda, na breki zikipoteza sehemu ya uwezo wake kwenye lami yenye maji. Geji inaiona 30. Inaiona 28. Ni nafuu kuliko vyote nilivyovitaja na inafanya kazi kwenye gari lolote, pikipiki ya bodaboda, hata tairi la akiba ambalo karibu kila mtu analisahau.

Udhaifu wake ni mmoja: haikuangalii ukiwa njiani. Tairi langu la Lyantonde lilikuwa zima asubuhi ile. Geji isingeniokoa, skrini ingeniokoa.

Geji ya saa yenye mshale naipendelea kuliko ile ya kalamu, kwa sababu inasomeka usiku kwa tochi ya simu. Usiitegemee geji ya bomba la kituo cha mafuta peke yake. Inaangushwa sakafuni siku nzima. Jazia pale, pima kwa yako. Na ukifika kituoni matairi yakiwa ya moto, psi 4 au 5 za juu ni za joto. Usizitoe, la sivyo asubuhi utajikuta chini ya kiwango.

Kompresa ndogo ya volti 12 inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti ni polepole, dakika kadhaa kwa tairi moja, lakini inakuruhusu kujaza nyumbani tairi likiwa baridi. Kwa anayeishi mbali na mji, ningeinunua kabla ya sensa. Upepo wa naitrojeni sijauona ukistahili malipo yake: hewa ya kawaida yenyewe ni naitrojeni kwa asilimia 78.

Nani achukue nini

Kama unazunguka Kampala tu, nyumbani, kazini, shuleni, na gari lako halina mfumo au sensa zimekufa, anza na geji na nidhamu ya kupima kila wiki mbili, siku ile ile, kabla ya kuondoka. Hela ya sensa iweke kwenye matairi yenyewe.

Kama unasafiri mikoani mara kwa mara, hasa usiku au na watoto, ongeza sensa za vifuniko. Kama una gari la miaka michache ambalo utakaa nalo muda mrefu, na umepata fundi mwenye mashine, lirudishie sensa za ndani. Kwa gari kama hilo ndilo chaguo langu, na ndilo nililofanya. Kama gari lako linahesabu mizunguko, usinunue sensa yoyote kabla ya kutafuta kile kitufe.

Jambo la mwisho ni kwa wale ambao wamebadilisha zote nne na taa bado inapepesa. Fungua buti, nyanyua zulia, tazama tairi la akiba. Magari mengine yana sensa ya tano pale, nayo imezeeka sawa na wenzake. Na hata kama haina sensa, lipime. La kwangu siku ile Lyantonde lilikuwa na psi 14.